Kukesha na ng'ombe wa maskini

Saa tisa usiku, Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katikati ya mwezi wa sita. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, shuka la Kimasai juu ya koti, koti juu ya sweta, na bado meno yanagongana. Tochi nimeizima. Upande wa pili wa mabanzi Madamu amejilaza juu ya majani makavu ya migomba, miguu ya mbele ameikunja chini ya kifua, anacheua. Krr, krr, krr, kimya kidogo, halafu kitu kinapanda shingoni kama lifti na taya linaanza tena. Nimehesabu: mara hamsini na mbili, kimya, lifti. Mara arobaini na tisa, kimya, lifti. Mhasibu ni mhasibu hata zizini.

Kilichonipeleka pale saa ile ni methali. Mama yangu alikuwa ameitamka mara tatu ndani ya miezi minne, kila mara kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga daftari: "Ng'ombe wa maskini hazai, baba." Mara ya tatu nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Niliikasirikia methali yenyewe, maana inamwachia Mungu kazi ambayo nilishaanza kushuku kuwa ni yangu.

Nieleze tulikoanzia. Januari ile Mama aliteleza akivuka mfereji na mzigo wa majani kichwani, nyonga ikavunjika. Nilitoka Dar es Salaam nikijua nakuja kukaa wiki mbili. Zizini kulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, Rehema na Madamu, wote chotara wa Frizian. Rehema akauzwa kulipia matibabu. Madamu alibaki kwa sababu alikuwa amezaa Novemba na ndiye aliyekuwa na maziwa, na pia kwa sababu Mama anampenda, ingawa hilo hasemi. Jina alimpa mwenyewe: eti anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua mstari wa asubuhi. Wiki mbili zangu zikageuka mwaka na zaidi. Kazi yangu ya mahesabu inafanyika kwenye kompyuta, na kompyuta haiulizi kama uko Kariakoo au mgombani.

Kwa asiyepajua huku, ng'ombe wa Uchagani hachungwi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni kidogo, kimejaa migomba na kahawa, kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani na chakula kinamfuata. Majani yanakatwa huko chini tambarare, yanapandishwa mlimani kichwani au kwa pikapu. Samadi inarudi kwenye migomba. Mkungu ukishakatwa, shina la mgomba linakatwakatwa na kurudi kwenye hori. Ukiuchora mzunguko huu kwenye karatasi unapendeza sana. Ndani yake kuna mtego, nitaufikia.

Siku Rehema alipopakiwa kwenye gari, Madamu alilia siku tatu. Alisimama ameelekeza kichwa langoni, akalia mpaka sauti ikakauka, na maziwa yakashuka kutoka lita tisa hadi sita. "Anamwita mwenzake," Mama akasema kutoka kitandani. Nilidhani ni maneno ya mgonjwa. Baadaye nilisoma kwamba huko Uingereza mtafiti aitwaye Krista McLennan aliwatenga ng'ombe na kundi kwa nusu saa huku akipima mapigo ya moyo. Waliotengwa pamoja na mwenza waliyemzoea, mioyo yao ilitulia kuliko waliotengwa na ng'ombe wasiyemjua. Mama hakuhitaji kupima moyo wa mtu.

Mimi nami sikusaidia. Wiki ya kwanza nilikuwa nakamua kama mtu anayewahi daladala. Naingia bandani kutoka nyuma, ndoo inagonga mlango, simu inaita mfukoni. Nikapigwa teke moja ambalo hadi leo goti linalikumbuka kila mvua ikinyesha. Makosa yalikuwa yangu. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, nyuzi kama 330 kati ya 360, na sehemu asiyoiona kabisa ni ile iliyo nyuma ya mkia wake. Ndiko nilikokuwa napitia kila asubuhi. Ukimjia kutokea huko wewe ni chui hadi uthibitishe vinginevyo. Vivuli pia vinamtatiza, kwa kuwa anapima kina kwa shida. Mstari wa kivuli sakafuni kwake unaweza kuwa shimo, ndiyo maana nilipoweka taa mpya mlangoni Madamu alikataa kutoka banda alilolikaa miaka minne.

Basi anaogopa, na akiogopa anabana maziwa. Watu husema anabana kwa ukorofi, lakini hana uwezo wa kuamua. Maziwa mengi yako juu kabisa ya kiwele, ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na hayashuki kwa kuvutwa chuchu peke yake. Lazima ubongo uachie homoni iitwayo oksitosini, isafiri na damu hadi kwenye kiwele na kuviminya vifuko hivyo. Inachukua kama dakika moja tangu kuguswa, na nguvu yake hudumu dakika chache tu, tano hadi saba hivi. Hofu inamwaga homoni nyingine, adrenalini, ambayo inaziba njia. Mama alikuwa na wimbo wake wa kukamulia, wa Kimachame, wimbo huo huo siku zote. Nilidhani anajiburudisha. Kumbe ng'ombe alikuwa ameusomea: wimbo ukianza, homoni inaanza, kabla mkono haujafika. Nimejifunza kuuimba. Naimba vibaya, lakini Madamu si mtu wa kwaya.

Turudi kwenye kucheua, maana ndiko nilikokosea zaidi.

Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Fungua mdomo wake uone: chini ana manane ya kukatia, juu ana ufizi mgumu kama soli. Ulimi unazungushwa kwenye majani kama mkono, yanabanwa, yanang'olewa, yanamezwa karibu bila kutafunwa. Ni ulaji wa mnyama aliyekuwa analiwa. Mababu zake, wale ng'ombe mwitu wakubwa ambao wa mwisho wao alikufa mwaka 1627 katika msitu wa Jaktorów huko Poland, walikula haraka mahali pa wazi, kisha wakajificha na kutafuna kwa utulivu. Madamu hajawahi kumwona simba, ila ratiba anayoifuata ni ya zama za simba. Anakula, anajilaza, analirudisha lile donge mdomoni na kulitafuna mara hamsini hivi, analimeza, analeta jingine. Jumla ni saa saba au nane kwa siku. Muda huo mate yanamwagika, zaidi ya lita 100 kwa siku, na mate hayo yana bikaboneti inayozuia tumbo lisichachuke.

Tumbo lenyewe lina vyumba vinne. Wapenzi wa supu ya utumbo wanavijua vyote bila majina ya kitaalamu: kile chenye manyoya kama taulo, chenye vibweta kama sega la nyuki, chenye kurasa kama kitabu, na cha nne ambacho ndicho kinachofanana na tumbo letu. Kile cha taulo, rumeni, kwa ng'ombe wa maziwa kinabeba lita 100 na zaidi. Ni pipa. Na ndani ya pipa hakuna asidi ya kuyeyusha kitu. Kuna joto, giza na vijidudu, zaidi ya bilioni 10 katika kila mililita moja.

Hapa ndipo kichwa changu cha mhasibu kilipozinduka. Ng'ombe hana uwezo wa kusaga unyuzi wa majani. Hana kabisa, kama mimi na wewe. Vijidudu ndivyo vinavyousaga, na takataka yao, asidi fulani nyepesi, ndiyo inayompa sehemu kubwa ya nguvu, kama asilimia 70. Kisha vijidudu wenyewe wanasukumwa na chakula hadi chumba cha nne, wanakufa, wanayeyushwa, na wao ndio nyama ya ng'ombe: protini yake nyingi inatoka kwao. Kwa maneno mengine ng'ombe naye ni mfugaji. Ana mifugo yake tumboni, anailisha, anaipatia maji na joto, halafu anaichinja. Gesi wanayotoa mifugo hiyo anaicheulia nje kutwa nzima. Hewa ya methani inayosemwa kwenye mikutano ya hali ya hewa inatoka mdomoni, wala si huko nyuma ambako watu hupenda kuchekea.

Kumbe swali la kumlisha Madamu lilikuwa: wale mifugo wake wanakula nini?

Februari huku ni kiangazi. Majani ya tambarare yamekauka, pikapu ya mabua imepanda bei, na Mama yuko kitandani. Nilichokuwa nacho tele ni migomba. Nikakata mashina, nikajaza hori, Madamu akala, tumbo likajaa, nami nikajiona mfugaji. Mtego ndio huo. Shina la mgomba ni maji, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Protini ni kidogo mno kwa wale vijidudu kuzaliana. Pipa lilikuwa limejaa na mwenye pipa ana njaa. Mbavu zilianza kuhesabika, mfupa wa nyonga ukachongoka, na bado asubuhi na jioni nilikuwa namkamua lita sita.

Ng'ombe aliyezaa karibuni ana mpangilio wake wa matumizi, na mtu yeyote aliyewahi kuendesha nyumba kwa mshahara mdogo atauelewa. Kwanza anajilisha asife. Pili anatoa maziwa, hata kwa kuyeyusha mafuta ya mgongo wake mwenyewe. Mimba inakuja mwisho kabisa. Mwili ukiona unatoa kuliko unavyoingiza, mayai hayapevuki vizuri au joto, yaani hamu ya kupandwa, haliji, au linakuja dhaifu lisionekane. Nani atamlaumu? Ungekuwa na deni usingeanza kujenga ghorofa.

Basi mwezi huo wa pili niliona ute ukining'inia chini ya mkia, mwangavu, unaovutika kama ute wa yai. Nikampigia mhimilishaji, yule mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija. Alikuwa na wateja saba mbele yangu, akafika kesho yake mchana. Akapandisha. Hakushika. Mama akasema methali kwa mara ya kwanza.

Nikaamua kuwa mkarimu. Nilinunua gunia la pumba za mahindi na unga, na siku ya kwanza nikampa ndoo nzima kwa mkupuo, kama anayemkaribisha mgeni aliyetoka vitani. Jioni yake Madamu hakucheua. Alisimama ameinamisha kichwa, ubavu wa kushoto kimya. Wanga ule ulikuwa umewafurahisha vijidudu wasiotakiwa, wakatengeneza asidi kwa kasi kuliko mate yanavyoweza kuituliza. Mama, bila kumwona, aliuliza swali moja tu: "Anacheua?" Nikasema hapana. Akanituma kwa bwana mifugo usiku ule ule. Alikuja na bikaboneti, jamaa wa karibu wa ile baking powder ya kuumulia maandazi, akaikoroga kwenye maji, akamnywesha taratibu kwa chupa, akanikataza pumba kwa siku kadhaa. Tangu siku hiyo siamki nikauliza ng'ombe amekula nini. Nauliza swali la Mama.

Polepole tukarekebisha. Mabingobingo tuliyopanda kingo za mfereji, mabua yaliyokatwakatwa, mashudu ya alizeti kidogo kidogo, jiwe la chumvi la kulamba, na maji. Maji niliyadharau sana. Maziwa ni maji kwa asilimia 87, na ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 kwa siku au zaidi. Mimi nilikuwa nampa ndoo mbili za lita 20 na kujiona nimetimiza wajibu. Migomba ilibaki, lakini kama kachumbari, wala si ugali.

Aprili akalia usiku kucha. Nikaita mhimilishaji tena, akafika mapema safari hii. Akavaa glavu ndefu hadi begani, akaingiza mkono nyuma, akaushika mlango wa kizazi kwa ndani, akanitazama. "Mkuu, hapa pamefunga." Lakini alishatoka mbali na pikipiki yake, na mimi nilishatoa pesa. Akapandisha hivyo hivyo. Hakushika, bila shaka. Alikuwa analia njaa tu, au upweke. Methali, mara ya pili.

Mei mwishoni niliona damu. Matone machache kwenye mkia na ukutani. Nikapiga simu mbio: safari hii hakuna ubishi, damu ni damu! Mhimilishaji alipofika akamsalimia Mama, "Shikamoo, Mama," akaitazama ile damu, akarudisha mrija kwenye mtungi wa naitrojeni. Pale ndani ni baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mbegu hukaa humo miaka bila kuharibika. Zangu zilitoka kituo cha taifa cha Usa River. "Hii damu ni barua ya juzi," akaniambia. "Joto limeshapita."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo ningelipata Februari ningeokoa fedha nyingi. Ng'ombe huingia joto kila siku 21 hivi. Joto lenyewe ni fupi, saa 12 hadi 18 kwa kawaida, wakati mwingine chini ya hapo, na mara nyingi huanza usiku, mwenye ng'ombe akiwa anakoroma. Yai linatoka joto likishaisha, na linaishi saa chache tu. Mbegu za mrija nazo zinahitaji saa kadhaa kujiandaa humo ndani na hazidumu zaidi ya siku moja hivi. Kwa hiyo mabwana mifugo wana kanuni yao: ukimwona asubuhi, apandishwe jioni; ukimwona jioni, apandishwe kesho asubuhi. Damu inatoka siku moja hadi tatu baada ya joto, iwe alipandishwa au hakupandishwa. Wengi wetu tunaisoma kama mwaliko, kumbe ni risiti.

"Ila damu ina faida," mhimilishaji akaongeza akifunga begi. "Hesabu siku 19 kuanzia leo. Usilale."

Mama alisikia. Nadhani ndiyo mara yake ya tatu kusema methali, ila safari hii aliisema akiwaza, kisha akauliza: "Huyu mmoja, utamjuaje?"

Swali hilo ndilo msingi wa mambo yote. Dalili ya uhakika ya joto, inayozidi ute, kelele na maziwa kupungua, ni kusimama: ng'ombe mwenzake anampanda mgongoni naye anatulia, hakimbii. Wa kuangaliwa ni aliye chini. Aliye juu anaweza kuwa na joto au asiwe nalo. Na sasa nitazame zizi la maskini: ng'ombe mmoja, kafungwa kamba, kwenye giza, hana wa kumpanda. Anaweza kuingia joto mara sita mfululizo na asionekane hata mara moja. Tajiri mwenye ng'ombe thelathini anapelekewa habari na ng'ombe wenyewe. Waliotunga methali waliona kweli kabisa. Ng'ombe wa maskini hazai kwa sababu yuko peke yake, halafu analishwa migomba.

Wachaga tangu zamani wana desturi ya kumwekea mtu ng'ombe. Mwenye mali anampeleka kwa ndugu au jirani, mtunzaji anakunywa maziwa na kupata samadi, ndama ni wa mwenye mali au wanakubaliana. Mama akaagiza kwa binamu yake, mama mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na hana nguvu ya kukata majani. Mtamba akaletwa wiki moja kabla ya siku yangu ya 19. Siku mbili za mwanzo zilikuwa za vita. Madamu alimsukuma kwa kichwa, akamzuia horini, akamfanya anywe maji wa mwisho. Ng'ombe hupanga vyeo mapema na wakishapanga hawarudii kila siku, jambo ambalo ofisi nilizofanyia kazi hazijaliweza. Siku ya nne nikamkuta Madamu akimlamba mtamba shingoni, macho ya mtamba yamefumba nusu. Siku ya tano maziwa yakapanda lita moja. Sikuwa nimebadilisha chakula.

Nikakesha siku ya 17, nikakesha ya 18. Usiku una mambo yake. Nilijifunza kwamba ng'ombe analala usingizi kamili saa nne hivi tu kati ya 24, zingine ni kusinzia huku akicheua, na kwamba ule usingizi mzito kabisa ni dakika chache chache, kichwa kimegeuzwa ubavuni kama mbuni kwenye katuni. Halali chali wala ubavu mzima kwa muda mrefu, gesi ingekosa pa kutokea ikamuua. Nilijifunza kwamba akiinuka anatanguliza makalio, tofauti na farasi. Nilisoma kwenye simu kwamba mwaka 2008 watafiti walitazama picha za satelaiti wakadai ng'ombe wakiwa malishoni hupenda kujipanga kaskazini na kusini kama dira. Wengine wakarudia hesabu wakabisha. Madamu huelekea pale babu alipojenga hori.

Siku ya 19, basi. Saa tisa na kitu. Nimefika donge la tano, limetafunwa mara thelathini na moja, na taya likasimama. Katikati ya kutafuna. Madamu akameza, akainuka, makalio kwanza, akaenda kumnusa mtamba nyuma. Akaweka kidevu mgongoni kwake. Akazunguka. Akakojoa kidogo. Akazunguka tena. Nilisahau baridi. Kama saa kumi kasoro robo mtamba, yule aliyekuwa anakatazwa maji, akajikusanya, akainua miguu ya mbele na kumpanda mwalimu mkuu mgongoni. Madamu akasimama. Hakusogea hata kwato.

Niliingia ndani nikamwamsha Mama. Sijui kwa nini nilinong'ona.

Mhimilishaji alifika saa kumi jioni, kwa kanuni yao. Akatoa mrija kwenye mtungi, akauzamisha kwenye maji ya vuguvugu kwa muda usiozidi dakika moja, akaingiza mkono. "Leo pamefunguka," akasema. Aliniuliza kama nataka mbegu zilizochaguliwa jinsia, zinazotoa jike mara tisa kwa kumi. Nikauliza bei. Nikasema za kawaida zinatosha.

Siku ya 21 baada ya hapo nilirudi kwenye ndoo. Mtamba alijaribu, Madamu akamgeukia na pembe. Akaenda kujilaza, akacheua hadi asubuhi.

Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, siku chache zaidi ya yetu, kwa hiyo mvua za masika zilikuwa zimeshaanza kugonga bati alipozaa, Machi mwishoni, saa tano usiku. Miguu ya mbele ilitangulia, pua juu yake, kama inavyotakiwa. Mimi sikufanya lolote zaidi ya kushika tochi. Mama alikuwa amesimama kwa mkongojo wake mlangoni. Madamu akageuka akaanza kumlamba mtoto kwa ulimi ule wa msasa, huku akitoa sauti ya chini, ya ndani kabisa, ambayo sijawahi kumsikia akiitoa kwa sababu nyingine yoyote.

Mama akainama, akainua mguu mmoja wa nyuma wa ndama, akatazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo. Kumbe methali ina nusu ya pili, ambayo miezi yote ile alikuwa amenifichia: "na akizaa, huzaa dume."

Jinsia inaamuliwa na mbegu ya fahali, Madamu hana hatia. Hatia ni ya yule aliyeuliza bei.

Ilikuwa lazima tuache kucheka kwa sababu ya dang'a. Ndama anazaliwa karibu bila kinga mwilini, ya mama yake haipiti kwenye kondo kama inavyopita kwetu watu, ipo kwenye yale maziwa mazito ya njano. Na utumbo wa ndama unaziruhusu kinga hizo kupita kwa saa chache tu, unaanza kujifunga mapema na siku ikiisha umefunga kabisa. Tukamwinua, miguu ikamteleza mara nne, ya tano akasimama. Nikamwelekeza kwenye kiwele, nikaanza kuimba ule wimbo, vibaya, na mkia wake ukaanza kupiga huku na huku.

Nilirudi ndani kuandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Nikahesabu mbele siku 60, nikaweka duara pa kuanza kungojea joto jingine. Kisha nikatoka tena, kondo lilikuwa bado halijadondoka. Mama akauliza ndoo ya maji ya mzazi iko wapi. Nilikuwa nimeshaikalia.